Betri za lithiamu polima: zisilale zikiwa zimeshiba

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo, na mshindo wa leo ni wa betri. Najua wengi wenu mmezoea kunisoma nikiandika kuhusu programu na hifadhidata. Leo tuweke hayo kando kidogo. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu analala nacho chumba kimoja.

Nitaanza na jibu, maana najua kuna mnaosoma kwa simu na bando si bure. Ikiwa una betri ya lithiamu polima ambayo hutaitumia kwa siku mbili tatu au zaidi, usiilaze ikiwa imejaa chaji, wala usiilaze ikiwa tupu. Iache katikati, kama nusu hivi. Iweke mahali penye ubaridi. Na pahali hapo pasiwe karibu na kitu kinachoshika moto, wala karibu na mtu aliyelala. Basi. Yanayofuata ni sababu zake, na jinsi tulivyofanya huko Kambu, ambako mambo hayo matatu si rahisi kama yanavyosikika.

KAMBU NI WAPI?

Kwa wasioijua, Kambu ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kaunti ya Makueni, kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Ukisimama hapo upande mmoja una vilima vya Chyulu, mbele kidogo ni Tsavo, na ukienda mashariki ukavuka mto Athi unaingia Kitui. Ni Ukambani wa chini, wa mibuyu na mchanga mwekundu. Joto lake wanalijua madereva wa malori. Mwezi wa Februari na Machi, kabla ya mvua za masika, chumba cha mabati kisicho na dari hakikaliki mchana.

Binamu yangu anaishi huko. Ana droni aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri alivyonunua Nairobi, na ana vibali vyake, kwa sababu Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu mwaka 2020 na Mamlaka ya Usafiri wa Anga haichezi. Siku za wiki hupiga picha za mashamba kutoka juu kwa ajili ya mpima ardhi mmoja. Jumamosi ni harusi. Droni yake inatumia betri za lithiamu polima za seli nne, milliampia-saa 5000 kila moja, naye alikuwa nazo sita. Kwa mtu wa Kambu hizo betri sita ni kama ng'ombe wawili. Ndiyo mtaji wenyewe.

Alikuwa anaziweka kabatini, kabati la mbao, juu kabisa, chini ya mabati, zote sita zikiwa zimejaa chaji. Katika chumba hicho hicho wanalala yeye, mke wake, na mtoto wao ambaye wakati huo, Februari 2024, alikuwa na miezi minane.

Siku moja mke wake alifungua kabati akasikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Betri moja ilikuwa imevimba kama mto. Mbili nyingine zilikuwa zimeanza. Shemeji hakusubiri kuuliza mtu. Alizitoa zote sita moja moja kwa mwiko na beseni, akaziweka uani juu ya mchanga, mbali na nyumba, ndipo akapiga simu. Hakuna kilichoungua. Nilipopigiwa na kuelezwa, nilimwambia binamu yangu amshukuru sana mke wake.

KWA NINI TUNAAMINI BETRI INATAKIWA IJAE?

Binamu yangu si mjinga. Alikuwa anafuata kanuni ambayo kila mtu Ukambani anaijua, na kanuni hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba ni ya betri nyingine.

Mwalimu wake alikuwa susu, yaani nyanya yetu. Susu ana paneli ya sola juu ya paa na betri kubwa ya asidi na risasi, ya volti 12, sawa na ya gari. Ameitunza hiyo betri miaka mingi kuliko mafundi wanavyotarajia. Anajua kuongeza maji yaliyokenekwa, anajua kusafisha vichwa vyake kwa maji ya moto, na anajua kwamba usiku taa zikianza kufifia unazima redio. Neno lake ni moja: betri ikikaa na njaa inakufa.

Yuko sahihi kabisa. Betri ya asidi na risasi ikiachwa bila chaji, bamba zake hujenga fuwele ngumu za salfati ya risasi. Zikishakomaa hazitoki tena, na betri inapoteza uwezo wake. Kwa hiyo betri ya namna hiyo unailaza ikiwa imeshiba, na kila baada ya muda unairudishia kidogo.

Kisha kuna kanuni ya pili, ya madukani. Waliowahi kununua simu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka muuzaji alivyokuwa akisema: "Kabla hujaitumia, chaji masaa manane kwanza." Hiyo ilitoka kwenye betri za nikeli, ambazo zilihitaji kuamshwa hivyo. Simu zikabadilika zikawa za lithiamu, lakini maneno ya dukani hayakubadilika.

Ukichanganya kanuni ya susu na kanuni ya duka, unapata tabia tuliyo nayo wengi: chaji mpaka ijae, kisha weka mahali salama. Kwa lithiamu, sehemu ya kwanza inaharibu sehemu ya pili.

NDANI YA BETRI KUNA NINI?

Sony ndio waliotoa betri ya kwanza ya lithiamu-ioni sokoni, mwaka 1991. Wanasayansi watatu waliojenga msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Lithiamu polima ni ndugu wa tumbo moja na hiyo. Tofauti kubwa unayoiona kwa macho ni kwamba badala ya kopo la chuma, seli imefungwa ndani ya mfuko mwembamba wa alumini na plastiki. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana droni, simu na spika ndogo zinaipenda. Na ndiyo maana huvimba: mfuko hauna nguvu ya kuzuia gesi.

Seli moja ikijaa ina volti 4.2. Wastani wake ni 3.7. Haifai kushuka chini ya 3.0. Betri ya seli nne basi ikijaa ni volti 16.8.

Ndani kuna ncha chanya, ncha hasi, utando mwembamba wa plastiki unaozitenganisha, na kimiminika kinachopitisha ioni. Kimiminika hicho ni cha asili ya petroli, kinawaka. Betri ikiwa kwenye volti 4.2, ncha yake chanya iko katika hali ya ukali sana, inakishambulia kile kimiminika polepole hata kama betri haijaunganishwa na kitu chochote. Matokeo yake ni gesi na uchafu unaoziba njia za ioni. Na kama ilivyo kwa kemia nyingi, joto linaharakisha: makisio ya kawaida ni kwamba kila digrii 10 zikiongezeka, kasi huzidi karibu mara mbili.

Kwa hiyo betri iliyojaa, kabatini, chini ya mabati, haijapumzika. Inafanya kazi mchana kutwa, na kazi yenyewe ni ya kujimaliza.

Tupu nayo ina ubaya wake. Seli ikishuka chini sana, karatasi ya shaba iliyoko upande wa ncha hasi huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika. Ukija kuichaji, ile shaba hujirudisha mahali pasipo pake, na inaweza kujenga daraja kati ya ncha mbili. Daraja likikamilika, hiyo ni shoti ya ndani, na hakuna swichi ya kuizima.

Shoti ikitokea joto linapanda. Utando wa plastiki ukifika kama digrii 130 unaanza kuyeyuka, ncha zinakutana mahali pengi zaidi, joto linazidi, na kuanzia hapo betri inajiendesha yenyewe. Moshi wake una sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni, ambayo inaunguza mapafu. Moto ni nusu tu ya hatari. Katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, moshi unaweza kumfikia mtoto kabla ya moto.

HESABU KIDOGO

Mimi ni mtu wa kompyuta, siwezi kuandika bila hesabu. Betri moja ya binamu yangu: volti 14.8 mara ampia-saa 5 ni watt-saa 74. Umeme huo unatosha kuchemsha karibu lita 0.8 ya maji kutoka ubaridi wa kawaida, yaani vikombe vitatu vya chai. Sita zilizojaa ni vikombe kumi na nane vya chai ndani ya kabati la mbao, na hapo hatujahesabu nishati ya kimiminika chenyewe kikiwaka. Ukizilaza nusu, nishati ya umeme inayoweza kugeuka joto ghafla inapungua nusu.

Upande wa uhai wa betri, kuna takwimu zilizochapishwa na Battery University, mradi wa elimu wa kampuni ya Cadex ya Kanada, ambazo wahandisi wengi huzitumia. Betri ya lithiamu-ioni ikilazwa mwaka mzima, uwezo unaobaki ni huu:

- Digrii 25, chaji asilimia 40: inabaki asilimia 96
- Digrii 25, chaji asilimia 100: inabaki asilimia 80
- Digrii 40, chaji asilimia 40: inabaki asilimia 85
- Digrii 40, chaji asilimia 100: inabaki asilimia 65

Angalieni mstari wa mwisho. Theluthi nzima ya betri inapotea kwa kulala tu, bila kurusha droni hata siku moja. Nilipokwenda Kambu mwezi wa Machi nilichukua kipimajoto, nikakiweka juu ya lile kabati saa tisa alasiri. Kilisoma digrii 41. Sakafuni, pembeni mwa chumba hicho hicho, kilisoma 33. Nyumba ya zamani ya susu, ya matofali mazito na yenye kivuli cha mwarobaini, ilikuwa 29. Umbali kutoka kabatini mpaka hapo ni hatua thelathini.

Wasafirishaji wa ndege waliyajua haya kwa njia ya uchungu. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Dubai iliwaka moto angani ikiwa na shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu, ikaanguka, na marubani wake wawili wakafariki. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo wa ndege hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji, na haziruhusiwi kabisa ndani ya tumbo la ndege ya abiria. Kama wao hawazilazi zikiwa zimejaa kwa masaa kumi ya safari, sisi tunazilazaje miezi mitatu juu ya kabati?

HOJA YA BINAMU YANGU

Niliyaeleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja: "Ndugu, stima ikipotea Ijumaa usiku, bwana harusi atanisubiri?"

Hilo ni swali zito, na mashauri mengi yanayoandikwa Ulaya au Marekani hayalijibu. Huko mtu anachaji anapotaka. Kambu unachaji stima ikiwepo. Ameshakaa giza siku mbili mfululizo. Betri zikiwa nusu na harusi ni kesho, hana kazi, na jina likishaharibika katika mji mdogo limeharibika. Hakuwa anazijaza kwa mazoea tu. Alikuwa anaweka akiba.

Tukakaa chini ya mwarobaini tukafikiri. Jibu tulilipata ukutani kwa susu.

Chaja anayotumia, ile ndogo yenye kioo inayoitwa iMAX B6, inakubali kula umeme wa volti 12 moja kwa moja, yaani kutoka kwenye betri ya gari. Na susu ana betri ya volti 12, ya ampia-saa 100, ambayo kwa tabia yake inapenda kukaa imejaa. Piga hesabu: kuzitoa betri sita kutoka nusu mpaka kujaa kunahitaji kama watt-saa 220, ukiongeza upotevu tuseme 280. Betri ya susu ina watt-saa 1200, na ukiichukulia nusu tu ili usiichoshe, ni 600. Inatosha, na taa za susu zinabaki.

Kwa hiyo akiba imehama. Betri ya asidi na risasi ndiyo inayokaa imeshiba, kama susu anavyotaka. Betri za lithiamu zinakaa nusu. Stima ikipotea usiku wa kuamkia harusi, unakopa kwa susu. Yeye alikubali kwa sharti moja, kwamba asikute redio yake imezima Jumapili asubuhi wakati wa ibada.

TUNAVYOFANYA SASA

Haya ndiyo yaliyobaki baada ya kujaribu mwaka mzima. Yachukueni yanayowafaa.

1. Kujaza ni siku moja kabla. Kila betri kutoka nusu mpaka kujaa inachukua kama saa moja kwa ile chaja. Zote ni kazi ya Ijumaa kuanzia mchana. Mtu yupo, anaangalia. Hakuna kuchaji ukiwa umelala, wala ukiwa umekwenda sokoni.

2. Baada ya kazi, betri ikishapoa, inarudishwa kwenye volti ya kulala. Kwa seli moja ni 3.8 mpaka 3.85. Kwa seli nne ni kati ya 15.2 na 15.4. Chaja nyingi za aina hii zina chaguo la hifadhi, limeandikwa "Storage". Ukilichagua, chaja yenyewe inaamua kuongeza au kupunguza. Harusi ikiahirishwa, zile zilizokwisha kujazwa zinapunguzwa siku hiyo hiyo au kesho yake, hazisubiri Jumamosi nyingine.

3. Mahali ni nyumba ya zamani ya susu, chumba kisicholaliwa na mtu, sakafu ya saruji, dirisha la hewa, kufuli mlangoni kwa sababu ya wezi. Kila betri iko ndani ya chungu chake cha udongo chenye mfuniko. Chini kuna mchanga mkavu wa mto, ambao Kambu haununuliwi. Juu ya kila chungu pamening'inia mfuko wa plastiki wenye mchanga. Moto ukitoka, mfuko unayeyuka na mchanga unamwagika. Wanaotumia kasha la chuma, toboeni tundu la kupumulia. Chuma kilichozibwa kabisa kinaweza kupasuka.

4. Vichwa vya waya vinavikwa vifuniko vya plastiki. Betri haikai pamoja na funguo, misumari wala sarafu.

5. Kila mwezi tunapima volti ya kila seli. Seli moja ikishuka kuliko wenzake mwezi hata mwezi, hiyo inaumwa.

6. Kumbukumbu. Mlitarajia niseme nimeandika programu yenye kutuma ujumbe. Sikuandika. Kuna plasta nyeupe juu ya kila betri, na kalamu imefungwa kwa uzi mlangoni. Tarehe, volti, imejaa au imelala. Shemeji akiingia anajua hali ya kila moja bila kuwasha kitu, na yeye ndiye mkaguzi mkuu.

Droni za kununua dukani, kama zile za DJI, betri zake zina akili kidogo: zikikaa siku kadhaa bila kazi zinajipunguza zenyewe. Ni vizuri, lakini hazijui kama umeziweka chini ya mabati. Sehemu ya joto na ya mahali bado ni kazi yako.

IKISHAVIMBA

Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kidogo, hata kama "bado inashika". Haitobolewi kutoa gesi. Haifinywi. Iweke nje juu ya mchanga au mawe, kivulini, mbali na ukuta na nyasi kavu, na watoto wasiifikie.

Zile tatu za binamu yangu tuliziacha uani siku mbili, kisha tukazimaliza umeme polepole kwa balbu ndogo ya pikipiki, nje, tukiwa mbali nazo, mpaka balbu ikazima kabisa. Wapo wanaosema zitumbukize kwenye maji ya chumvi. Tatizo lake ni kwamba chumvi inaweza kula vichwa vya betri kabla ya umeme kwisha, ukadhani imekufa kumbe ina nguvu ndani.

Kisha swali la kuitupa. Kijijini tuna sehemu mbili za kutupia: shimo la takataka na choo cha shimo. Shimo la takataka huwashwa moto jioni, na mara nyingi anayetumwa kuwasha ni mtoto. Tafadhali, betri ya lithiamu isiingie humo, hata ya simu ndogo. Chooni inaoza na kuingiza sumu ardhini, na sisi watu wa visima tunajua maji ya chini yanavyotembea. Nairobi kuna WEEE Centre, wanaokusanya taka za elektroniki. Tulizifunga vichwa kwa plasta, tukaziweka kwenye debe lenye mchanga, nikazibeba mwenyewe niliporudi mjini kwa gari. Si kwenye basi, na si kwenye treni.

Na moto ukitokea? Watu kwanza, mlango baadaye. Toeni kila mtu nje na msivute ule moshi. Kama ni betri ndogo na unaweza kuifikia salama, maji mengi yanasaidia, kwa sababu yanapoza seli za jirani zisifuate. Wengine wanaogopa kwamba lithiamu na maji haviivani. Hiyo ni lithiamu tupu ya maabara. Ndani ya betri hizi za kuchaji lithiamu haipo kwa namna hiyo. Mchanga unazuia moto usisambae lakini haupozi. Na Kambu, ambako mtungi wa maji unaweza kutoka mbali, ni vyema maji ya dharura yawe mlangoni tayari siku ya kuchaji. Mtungi mmoja wa lita 20, haunywewi, haufuliwi.

MIMI SINA DRONI, YANANIHUSU?

Yanakuhusu. Simu ya zamani iliyo kwenye droo ina betri hii hii. Ukitaka kuiweka kama ya akiba, iache nusu na uizime. Pawabenki inayokaa kwenye dashibodi ya gari ikipigwa na jua la barabara ya Mombasa inapikwa kila siku; iweke chini ya kiti, au shuka nayo. Laptopu iliyochomekwa ukutani mwaka mzima iko kwenye hali ya kabati la binamu yangu, na nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kuzuia chaji kwenye asilimia 80. Utafute, uuwashe. Simu nyingi mpya zinao pia.

Angalizo kwa wenye taa na betri mpya za sola: baadhi ni za fosfati ya chuma ya lithiamu. Hizo ni tulivu zaidi kwenye joto, na volti zake ni tofauti, seli ikijaa ni kama 3.65. Usizichaji kwa mpangilio wa lithiamu polima. Soma kilichoandikwa ubavuni.

Na kwa wasafiri: betri za akiba zinakwenda nawe ndani ya ndege, mkobani, vichwa vimefunikwa. Haziingii kwenye begi la mzigo. Mpaka watt-saa 100 kila moja kwa kawaida hazihitaji ruhusa ya pekee. Kati ya 100 na 160 muulize shirika la ndege kwanza.

Binamu yangu bado ana zile tatu zilizopona, na amenunua mbili. Betri zilizopona zimemaliza mwaka wa pili na plasta zake zimejaa tarehe mpaka tumebandika nyingine juu. Kabati lile sasa lina nguo za mtoto, ambaye ameanza kukimbia.

Kabla hujalala leo, fungua droo, panda juu ya kabati, angalia chini ya kitanda. Ukikuta betri iliyonona kuliko ulivyoinunua, itoe nje leo hii. Ukikuta iliyojaa na huna kazi nayo, ipunguze.

Makala ijayo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye programu: jinsi ya kusoma volti za seli kwa kidhibiti kidogo cha bei rahisi. Kalamu ya mlangoni lakini itabaki pale pale. Shemeji amekataa isiondolewe.

Tuonane.